Kichwa Kilichosukwa Nusu

Siku moja kabla ya vita nilikuwa nikimsuka Furaha jikoni, kwenye hosteli yetu ya Kharkiv. Alikuwa ameketi sakafuni juu ya mto, mabega yake katikati ya magoti yangu, akila mkate na kulalamika kwamba navuta. Rasta nyeusi zilikuwa zimetuishia, na katika mji ule hukuweza kushuka dukani ukanunua nyingine, kwa hiyo nilikuwa nachanganya na za kahawia tulizozikuta chini ya sanduku lake. Nilianzia kisogoni, nikawa napanda kwa upande wa kulia.

"Mama akiona rangi mbili atanikana," akasema.

"Mwambie ndiyo fasheni ya Nairobi."

"Mwende, Mama alianza kusuka watu kabla hatujazaliwa. Hiyo fasheni ya Nairobi utampigia simu umweleze wewe mwenyewe."

Mama yake alikuwa Birmingham. Familia ilitoka Uvira, mashariki mwa Kongo, ikaishi Nairobi miaka mingi kama wakimbizi, na Uingereza ilipomkubali mama, Furaha alikuwa ameshavuka umri wa kuhesabiwa mtoto. Akabaki. Mama yake, ambaye husuka watu jikoni kwake kule Stechford, akaona kwamba chuo cha famasia nchini Ukraine kingemweka binti yake angalau kwenye bara moja naye. Mimi nilitoka Nairobi kwa sababu nyepesi zaidi: nilipenda uhandisi, na karo ililipika. Tulikutana kwenye darasa la Kirusi. Wakati huo watu wengi wa Kharkiv walizungumza Kirusi kuliko Kiukreni, jambo ambalo hapa Uingereza nimelazimika kulieleza mara nyingi kwa watu wasioniamini.

Juu ya friji kulikuwa na televisheni ndogo. Siku hizo ilionyesha mambo yale yale: vifaru kwenye theluji upande wa pili wa mpaka, marais kwenye meza ndefu, ramani zenye mishale. Nikamuuliza Furaha kama anadhani watapigana.

"Wakubwa hawapigani," akasema. "Wanatishana mpaka mmoja apewe kiti anachotaka. Kupigana ni kazi yetu sisi Wakongomani."

Nilicheka. Nilikubaliana naye pia. Nilikuwa nimesoma sana kuhusu ugomvi ule, kwa sababu sijawahi kuona kauli ya serikali nisitake kuichokonoa. Moscow ilisema muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi umesogea hadi mlangoni mwake. Washington na London zilisema kila nchi ina haki ya kuchagua marafiki. Nilikuta matundu kwenye maelezo ya pande zote, na nilikuwa na ujana wa kutosha kudhani kwamba anayeyaona matundu hawezi kutumbukia.

Vidole vikaniuma. Upande wa kushoto ulikuwa bado, nywele zake mwenyewe zimesimama kama kichaka. Nikachovya ncha za upande uliokwisha kwenye maji moto zisifumuke, nikamwambia tutamalizia kesho.

"Kesho kweli," akasema. "Mimi sitoki nje na kichwa nusu. Mama alinilea vizuri."

Akavaa kofia ya sufu ya kijani, akaenda kusoma.

Kulikuwa bado giza madirisha yalipotetemeka.

Nilidhani ni lori. Kisha likaja la pili, na la tatu, na vioo vya kabati la vikombe vikaanza kuimba. Furaha alikuwa ameshaketi kitandani, amevaa viatu. Mtoto wa Uvira haulizi sauti ile ni ya nini.

"Chukua maji na paspoti," akasema. "Mengine acha."

Tukashuka.

Chini ya hosteli kulikuwa na stoo ya mabomba na magodoro ya zamani. Wanafunzi walijaa humo na majirani, wazee, paka mmoja. Aliyekuwa na funguo alikuwa Tamara, mama mtu mzima aliyekaa mlangoni mwa hosteli miaka yote akitukaripia kuhusu viatu vyenye theluji. Dada yake aliishi Belgorod, upande wa Urusi, mwendo mfupi kwa gari. Siku ya pili nilimsikia Tamara akimpigia simu. Walizungumza Kirusi, kwa hiyo nilielewa yote.

"Wanatupiga makombora," Tamara alisema. "Nyumba yetu inatikisika."

Akasikiliza.

"Mimi ndiye niliyeko hapa, Lyuda. Si televisheni. Mimi."

Akasikiliza tena, kisha akaitazama simu kama kitu alichookota njiani. Dada yake alikuwa amemwambia kwamba hakuna anayepiga raia, kwamba hizo ni picha za kutengenezwa na watu wa Magharibi, na kwamba avumilie, atakombolewa karibuni. Walikuwa wamezaliwa chumba kimoja. Tamara hakulia. Alimuuliza Furaha kama ana vidonge vya presha.

Siku zilizofuata ninazikumbuka kwa vitu vidogo. Harufu ya makaa ya mawe. Mzee mmoja aliyenyoa ndevu kila asubuhi kwa maji ya kijiko. Furaha hakuwahi kuvua kofia yake, hata usingizini. Chanuo na rasta vilibaki ghorofani, na ghorofani hakuna aliyekwenda kwa ajili ya nywele. "Vita hii ikiisha nitakushtaki," aliniambia. "Sio Warusi. Wewe."

Nilimwambia hakuna mahakama itakayopokea kesi ya kichwa.

"Mahakama ya Mama itapokea."

Maji ya kunywa yakaisha. Duka la mtaa wa pili lilifunguliwa asubuhi kwa muda mfupi, watu wakapanga foleni ukutani. Tulikuwa tunapokezana kwenda. Siku ile ilikuwa zamu yake. Nimejaribu mara nyingi kutafuta maana katika jambo hilo na sijaipata. Ilikuwa zamu yake tu.

Alivuta kofia ikafunika masikio. "Nikute umeniwekea nafasi karibu na bomba la moto," akasema.

Akapanda ngazi.

Mlipuko ulikuja baada ya kitambo.

Ulikuwa karibu. Vumbi lilianguka kutoka darini, paka akakimbia.

Nilitoka. Tamara alinishika mkono, nikajitoa.

Mtaa wa pili haukuwa na foleni tena. Kulikuwa na moshi, na mlango wa duka uko barabarani, na vidumu vya maji vimesambaa. Magari ya wagonjwa yalikuwa yanaondoka. Nilimwita kwa jina. Niliuliza kwa Kirusi: msichana mweusi, kofia ya kijani? Mtu mmoja akanyoosha kidole kuelekea magari.

Hospitali ilikuwa inalindwa na askari. Hawakuwa wakali. Walisema rudi kesho.

Kesho yake basi la mwisho la wanafunzi lilikuwa linakwenda stesheni. Tamara alinisukuma ndani kwa mikono yake miwili, akasema atamtafuta yeye. Mlango ukafungwa.

Kwenye jukwaa la treni, kijana mwenye sare alitutenga sisi weusi pembeni, akasema wanawake na watoto kwanza. Mimi ni mwanamke, nikamwambia kwa lugha yake. Akatazama juu ya kichwa changu. Nilipanda treni ya baadaye, nikasimama hadi mpakani. Nasimulia hilo kwa sababu lilitokea. Hapa Birmingham nimekutana na watu wanaolipenda sana tukio hilo kwa sababu linawapa ruhusa ya kutomlaani aliyerusha kombora, na wengine ambao wangependa nilinyamazie ili picha ya vita ibaki safi. Yule kijana alinidharau, na mji wake ulikuwa unapigwa na jeshi la nchi nyingine lisilokuwa na haki ya kuwa pale. Mambo yote mawili ni kweli, na sikuona lililolifuta lenzake.

Nilimalizia shahada Ujerumani. Nilizungumza na mama yake Furaha kwa simu mara moja tu, kupitia makelele na kilio, nikamweleza foleni na moshi. Namba ya Tamara haikuita tena. Baadaye nikasikia kwamba hospitali ilikuwa imetuma picha kwa familia ili wamtambue. Mimi sikuiona. Na kwa kuwa sikuona mwili, nilijiwekea mlango mdogo wazi. Watu walipotea siku zile, wengine wakapatikana. Mtu kama mimi, anayedai ushahidi wa kila kitu, angekosaje kuudai kwa jambo hilo?

Nilipopata nafasi ya shahada ya pili hapa, Jumamosi ya kwanza nilipanda treni hadi Stechford. Kwenye nyumba kadhaa njiani bendera za buluu na njano zilikuwa bado madirishani, zimepauka kwa jua hili dogo la hapa. Mama Furaha alinifungulia kabla sijabisha mara ya pili. Mwanamke mfupi, kitambaa cheusi kichwani, vidole vyembamba vya msusi.

"Karibu, mwanangu. Ingia, baridi iko mingi. Uko mwembamba sana. Unakulaka kweli?"

Sebuleni alikuwa kaka yake, Désiré, ambaye wote humwita Tonton, yaani mjomba, aliyewahi kufundisha historia Uvira na sasa anafanya kazi kwenye ghala. Televisheni ilikuwa imewashwa, watu wenye tai wakijadili mazungumzo ya amani: ardhi ipi ibaki kwa nani, vikwazo gani viondolewe, nani amhakikishie nani usalama. Nilisalimia, nikapewa chai yenye maziwa mengi na tangawizi. Ukutani kulikuwa na picha ya Furaha siku ya kumaliza sekondari. Hapakuwa na shada, wala mshumaa, wala kitu chochote cha kuonyesha kwamba amekufa.

"Chumba yake iko huku," Mama Furaha akasema. "Akifika atalala pale."

Nikamtazama Tonton Désiré. Akapunguza sauti ya televisheni.

"Weye umesoma," akaniambia. "Donc unajua kufikiri. Nani alichora mipaka yetu? Moscou? Nani anabebaka madini yetu? Moscou? Sisi tulikufa Uvira, tulikufa Bukavu, nani alitundika bendera yetu kwa dirisha yake?"

"Hakuna, Tonton."

"Voilà. Sasa hawa hawa Bazungu wanakuambia Mrusi anapiga banafunzi, na weye unaitika amina?"

"Mimi sikuambiwa, Tonton. Nilikuwepo."

"Ulikuwa chini ya nyumba. Uliona kombora lilitoka wapi?"

"Lilitoka kaskazini. Kaskazini ni Urusi."

"Uliliona?"

Sikuliona. Maswali yake mengi yalikuwa maswali yangu. Ningeweza kukaa naye siku nzima nikimjazia mifano ya unafiki wa Magharibi, mmojawapo ukihusu nyumba ile ile tuliyokaa: nchi iliyomkataa Furaha kwa sababu ya umri wake, kisha ikafungua milango kwa Waukreni waliokimbia kutoka mtaa aliokuwa akiishi. Lakini mawazo ya Tonton yalikuwa yametoka hapo yakaenda mahali pengine. Kwa kuwa wale wamesema uongo kuhusu Kongo, basi wanasema uongo kuhusu Kharkiv. Kwa kuwa wanasema uongo kuhusu Kharkiv, basi Furaha hakuuawa. Warusi walimchukua, wakamtibu, yuko hospitali fulani kwao na simu yake ilipotea. Alikuwa ameijenga siasa nzima ya dunia ili mpwa wake awe hai. Nilimkumbuka Lyuda wa Belgorod. Yeye alimkataa dada yake ili aendelee kuiamini nchi yake. Huyu aliiamini nchi isiyo yake ili asimpoteze mtoto wa dada yake. Nilishindwa kumkasirikia.

"Na ile foto," akaongeza, "mwonyeshe ile foto, aone vile banadanganya."

Mama Furaha akatoa simu mfukoni mwa aproni. Hakusita, akanipa. Alikuwa ameshaionyesha kwa watu wengi, nadhani, kama mtu anavyoonyesha hati iliyokosewa jina.

"Tazama," akasema. "Banasema huyu ni wangu."

Uso ulikuwa umefungwa bendeji karibu wote. Shuka hadi kidevuni. Kofia haikuwepo.

"Tazama kichwa," Mama Furaha akasema. "Huku iko rasta, huku hakuna kitu. Nusu! Na rangi mbili, kama jogoo. Mimi ni msusi, mwanangu. Mutoto wangu hawezi kutoka inje na kichwa nusu. Tangu akiwa mudogo. Alikuwa analia kama namwambia aende dukani sijamaliza. Huyu ni mutoto wa mutu, Mungu amusaidie mama yake, lakini si wangu."

Upande wa kulia, rasta nyeusi na za kahawia. Mstari wa kwanza juu ya sikio ulikuwa umepinda pale alipogeuka ghafla, akicheka, kunionyesha kitu kwenye televisheni. Niliutambua ule mkunjo kabla ya kutambua kitu kingine chochote. Ni vigumu kueleza. Mtu huijua kazi ya mkono wake.

Mlango wangu mdogo ukafungwa hapo, kwenye kochi, chai mkononi.

Ningeweza kuirudisha simu na kusema, ndiyo Mama, ni vigumu kujua. Hakuna ambaye angenikosoa. Kitanda cha Furaha kingebaki kimetandikwa. Ningekuja Jumamosi nyingine na nyingine, tukiilaumu London na kuilaumu Washington, na nusu ya tunayosema ingekuwa haki kabisa. Mama huyu angefungua mlango kabla watu hawajabisha mara ya pili, hadi uzeeni.

Alikuwa ananitazama. Vidole vyake vilikuwa vimetulia juu ya goti.

"Mama," nikasema, "siku ile alivaa kofia."

"Kofia gani?"

"Ya sufu. Ya kijani. Kule ni baridi, watu wote wanavaa kofia. Hakuna mtu angeona kichwa chake."

Akasubiri.

"Nilikuwa namsuka mimi. Siku moja kabla. Nyeusi zilituishia, nikachanganya na za kahawia. Nilianzia nyuma, nikaenda kulia. Nikachoka. Tukasema kesho."

Tonton Désiré alisema, "Hapana." Alisema polepole, akiangalia zulia. "Hapana, hapana, bana."

"Aliogopa Mama asione zile rangi mbili," nikasema. "Alisema Mama atamkana."

Mama Furaha aliichukua simu kutoka mkononi mwangu. Aliikuza ile picha kwa vidole viwili, taratibu, hadi ikabaki ile sehemu ya juu ya sikio tu. Akaitazama kwa muda mrefu, kwa macho ya kazi.

"Mustari ya huku umepinda," akasema.

"Alikuwa anacheka, Mama. Hakutulia."

"Hakutuliaka," akasema. "Hata mudogo, hakutuliaka."

Kisha akasema, bila kugeuka, "Désiré, zima ile kitu."

Tonton akaizima. Mama Furaha akafungua kitambaa chake, akakiweka mapajani, na sauti iliyomtoka sitaiandika.

Matanga yalifanyika wiki ile. Viti vilikopwa kanisani, wanawake wakapika sombe, kisamvu cha kwao, na wali kwenye sufuria zisizoenea kwenye jiko, mifuko ya mihogo ikaja kutoka maduka ya Alum Rock, mtaa wa jirani. Wateja wa Mama Furaha walikuja vichwa vikiwa vimefumuliwa, maana yeye alikuwa ameziacha nywele zake wazi na hakuna aliyetaka kuketi mbele yake akiwa amesukwa. Mzee mmoja alianza kueleza kwamba kosa ni la nchi za Magharibi, zilimchokoza Mrusi. Mwingine akamjibu kwamba Mrusi hakulazimishwa na mtu. Sauti zikapanda. Nilimtazama Tonton Désiré, nikingoja achukue upande wake wa kawaida. Alikuwa anapanga vikombe.

"Munaweza kuendelea inje," akawaambia. "Humu tuna mutu wetu."

Hakubadilisha mawazo kuhusu dunia, wala sikumwomba. Tukikutana bado ananiuliza nani alichora mipaka. Nami bado sijui la kumjibu zaidi ya "si Moscow". Lakini hataji tena kile kilichotokea Kharkiv kama jambo la kubishaniwa.

Mimi ninaendelea kuhoji. Nasoma kauli za pande zote, na matundu bado nayaona, mengine makubwa kuliko mwanzo. Kwenye mazungumzo yao wanahesabu mikoa, gesi, mipaka ya ushawishi. Siku nyingine hesabu zao zinaniingia akilini vizuri kabisa, kama mhandisi, na hilo hunitia hofu. Hapo huwa narudi kwenye mstari uliopinda juu ya sikio, na kuuliza unaingia wapi katika hesabu hizo. Sijaona pa kuuweka.

Siku ya kuondoa matanga, watu walipokwisha kuondoka na viti kurudishwa, Mama Furaha aliniita jikoni. Alikuwa ameweka mto sakafuni, na kettle ilikuwa inachemka. Mezani kulikuwa na pakiti za rasta, nyeusi tupu.

"Keti," akasema.

Niliketi, mabega yangu katikati ya magoti yake. Akafumua nywele zangu, akapitisha chanuo, akapima kichwa changu kwa viganja viwili. Msusi huanzia nyuma. Mimi mwenyewe nilijifunza hivyo. Nikainamisha shingo ili apate kisogo.

Akaninyanyua kidevu taratibu, akakigeuza. Akaanzia kushoto, upande uliokuwa bado.